Nyota Buluu Zilizochelewa Kuzeeka

Mwaka niliorudi chuoni nikiwa na miaka arobaini na tatu, mama yangu aliacha kuona rangi ya buluu.

Hakuna aliyetambua mara moja, hata yeye mwenyewe. Tulianza kushuku Jumapili moja nyumbani kwetu Asembo Bay, alipokataa kuvaa kitambaa kipya cha kichwa cha kikundi cha akina mama wa kanisa. Alikishika, akakisogeza mlangoni penye mwanga, akakigeuza huku na huku, kisha akakirudisha mezani.

"Tuliagiza ya buluu," akasema. "Hii fundi ametushonea nyeusi ya matanga."

Dada yangu mkubwa, ambaye anaishi naye, alinitazama. Nami nikamtazama. Kitambaa kilikuwa buluu iliyokolea, buluu ambayo ungeiona ukiwa ng'ambo ya barabara.

"Mama," dada akaanza polepole, "hiyo ni buluu."

"Nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini na moja. Nimefundisha watoto rangi kabla nyinyi hamjazaliwa. Usiniambie buluu ni nini."

Alienda kanisani siku hiyo na kitambaa cha zamani. Jumatano iliyofuata dada alimpeleka kwenye kituo cha afya, na muuguzi wa macho akammulika kwa kurunzi ndogo. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Muuguzi alieleza kwamba lenzi ya jicho ikizeeka hivyo hugeuka manjano, halafu kahawia, na rangi ya kwanza kumezwa ni buluu. Ni kama mtu anayeitazama dunia kupitia glasi ya chai ya rangi. Dawa yake ni upasuaji mdogo, jicho moja kwanza, lingine baadaye.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akachukua mkoba wake.

"Jicho langu halikatwi," akamwambia dada walipokuwa nje. Na hapo mazungumzo yakaisha kwa miezi mingi.

Mimi wakati huo nilikuwa nikiishi Nyamasaria, kando ya barabara ya Nairobi, karibu na shule ya sekondari ninayofundisha fizikia. Nilikuwa nimejiandikisha kusomea shahada ya uzamili. Wenzangu darasani walikuwa vijana ambao baadhi yao ningeweza kuwa nimewafundisha, na mmoja nilikuwa nimemfundisha kweli. Aliniita Mwalimu mbele ya wote hadi nikamwomba aache. Msimamizi wangu, mwanamume mpole aliyependa kuzungumza huku ameangalia dirisha, aliniuliza ninataka kuchunguza nini. Nikasema nyota. Akacheka kidogo.

"Nyota ni nyingi, Mwalimu."

Kisha akafungua kompyuta yake na kunionyesha mchoro. Ulikuwa mchoro wa nukta tu. Kila nukta ilikuwa nyota moja katika kundi la nyota lililo katika kundinyota la Kaa, kundi kongwe, lenye umri wa karibu miaka bilioni nne, rika moja hivi na jua letu. Kushoto alipanga nyota za buluu, ambazo ndizo moto zaidi. Kulia zile nyekundu, zilizopoa. Juu zile zinazong'aa sana, chini zilizofifia. Nukta nyingi zilikuwa zimejipanga kama watoto wa shule wakienda gwaride, mstari mmoja ukipanda kutoka chini kulia kuelekea juu kushoto, kisha mahali fulani ukapinda ghafla kwenda kulia.

"Hapa zinapopinda," akasema, "ndipo uzee unapoanza. Unajua kwa nini?"

Nilijua. Nyota za kundi kama hilo huzaliwa pamoja, kutoka wingu moja la gesi. Tofauti yao ni uzito. Zilizo nzito huwaka kwa moto mkali, buluu, na humaliza haidrojeni yao upesi. Huvimba, hugeuka nyekundu, hufa. Zilizo nyepesi huwaka kwa uangalifu na kuishi muda mrefu. Kwa hiyo katika kundi kongwe zile za buluu zinapaswa kuwa zimekwisha zamani.

"Sasa angalia hapa," akasema, na kuweka kidole juu ya hapo zinapopinda, upande wa kushoto, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kitu.

Palikuwa na nukta kadhaa. Zilikuwa zimetawanyika, buluu, angavu, kana kwamba hazikusikia kengele ya kurudi nyumbani.

Wataalamu huziita kwa jina linalomaanisha waliobaki nyuma ya msafara. Mimi katika daftari langu niliziita wachelewaji. Msimamizi alisema kazi yangu itakuwa kuzipima hizo chache, moja baada ya nyingine, na kujaribu kueleza zilivyopata kuwa vile. Vipimo vyenyewe vilikuwa vimeshachukuliwa na darubini zilizo angani, vimewekwa wazi kwa yeyote anayejua kuvisoma. Sikuhitaji kukesha nje. Nilihitaji kompyuta, umeme usiopotea, na saa mbili kila alasiri baada ya wanafunzi kwenda michezoni. Ndivyo nilivyochunguza nyota: saa kumi jioni, katika chumba cha walimu, jua likinichoma shingoni kupitia dirisha lisilo na pazia.

*

Nilimweleza mama mambo hayo mara ya kwanza tulipokuwa tukichambua mboga, yeye, dada, na mimi. Mama huuliza kazi ya mtu kama mkaguzi wa shule. Hakubali jibu la juu juu. Nilipomaliza kueleza kuhusu mchoro na wachelewaji alisema, "Rudia. Mwanafunzi wa nyuma hajaelewa."

Nikarudia.

"Kwa hiyo hizo zilizaliwa na wenzao siku moja."

"Karibu siku moja, mama. Kwa hesabu ya nyota."

"Wenzao wakazeeka, zenyewe hazikuzeeka."

"Zinaonekana hazikuzeeka."

"Zilikula nini?"

Dada alicheka, lakini swali lilikuwa lenyewe hasa. Nikamwambia zilikula. Nyota nyingi haziishi peke yao kama jua letu. Huzaliwa mbili mbili, zikizungukana. Iliyo nzito ndiyo huzeeka kwanza. Ikifika wakati wa kuvimba inakuwa kubwa kiasi kwamba haiwezi tena kushikilia gesi yake ya nje, na mwenzake aliye karibu huivuta kwake kidogo kidogo. Yule anayepokea anaongezeka uzito. Anapata kuni mpya. Anawaka kwa moto mkali kuliko alivyozaliwa nao, anageuka buluu, na mtu akimtazama kutoka mbali atadhani ni kijana.

"Kuna njia nyingine," nikaongeza. "Wakati mwingine zote mbili hukaribiana mpaka zinaungana kuwa moja. Na kwenye makundi yaliyosongamana sana nyota zinaweza hata kugongana. Lakini makundi kama hili langu yana nafasi. Huku nyingi tunadhani zilipokea tu."

Mama aliacha kuchambua. Macho yake, ambayo kwa wakati huo yalikuwa na ukungu ulioonekana hata ukiwa umekaa mbali, yaligeuka upande wangu.

"Na yule aliyetoa?" akauliza. "Yuko wapi?"

"Anabaki mdogo sana. Kiini tu. Hung'aa kidogo, na mwanga wa mwenzake unamfunika. Mara nyingi haonekani."

"Umemtafuta?"

Nilisema kazi yangu haikuwa hiyo. Kazi yangu ilikuwa kuwapima wachelewaji. Mama akarudi kwenye mboga zake.

"Basi umesoma nusu ya habari, nyathina," akasema. Mwanangu.

Nilirudi Nyamasaria na neno hilo. Wiki iliyofuata nilimwambia msimamizi wangu kwamba nataka kuongeza sura moja, ya kuwatafuta waliotoa. Alitazama dirisha kwa muda mrefu. Alisema ni kazi nzuri na ngumu, kwamba ningehitaji vipimo vya urujuanimno, mwanga ule ambao macho yetu hayauoni, kwa kuwa kiini kilichoachwa uchi hubaki na joto kali sana kwa muda na huonekana huko kabla hakijapoa. Aliniuliza nimepata wapi wazo hilo.

"Kwa mwalimu wa darasa la tatu," nikasema.

*

Hapa lazima niseme jambo kuhusu dada yangu, kwa sababu katika miezi hiyo, nikitafuta viini vilivyofichwa, nilikuwa nikimfikiria yeye.

Baba alifariki nikiwa darasa la saba na dada akiwa kidato cha pili. Muhula uliofuata dada hakurudi shuleni. Alianza kukausha omena, dagaa wa ziwani, ufukweni, na mimi nikaendelea na masomo mpaka shahada ya ualimu. Nyumbani kwetu hadithi hiyo ilisimuliwa kwa namna moja tu: dada alijitoa ili mdogo wake asome. Mashangazi waliisimulia kwenye harusi yangu. Mchungaji aliitaja katika mahubiri. Mimi mwenyewe niliisimulia kwa watu, kwa sauti ya kushukuru, lakini kumwambia yeye sikuwahi.

Kwa hiyo Jumamosi moja nilikwenda Asembo Bay mapema na kumfuata ufukweni. Omena walikuwa wametandazwa juu ya nyavu, maelfu kwa maelfu, waking'aa kama vipande vya bati, na dada alikuwa ameinama akiwageuza kwa ufagio laini ili wakauke pande zote. Nikavua viatu, nikachukua ufagio mwingine. Tulimaliza wavu mmoja. Kisha nikasema maneno niliyokuwa nimeyatayarisha njia nzima. Nilimwambia habari ya nyota mbili. Nilimwambia kwamba nimeishi maisha yangu kwa moto wake, kwamba mimi ndiye ninayeonekana na yeye ndiye aliyetoa, na kwamba najua.

Alisimama akajishika kiuno.

"Nani alikuambia niliacha shule kwa ajili yako?"

"Mashangazi. Kila mtu," nikasema.

"Nilichukia shule," akasema. "Niliichukia kabla baba hajaugua. Kukaa kwenye benchi mchana kutwa, mtu anaandika ubaoni, wewe unaandika kwenye daftari, kengele, tena. Baba alipokufa nilipata mlango nikatoka. Mama alilia, mashangazi wakaanza kusema amejitoa, amejitoa. Nikanyamaza. Ungefanya nini? Ilikuwa hadithi nzuri kuliko ukweli."

"Miaka yote hii?"

"Nilipenda huku. Napenda mpaka leo. Nina watu wanaonisubiri nipange bei, nina kikundi, nina sauti. Usinifanye nyota yako iliyokufa, nyaminwa." Binti wa mama yetu.

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Lakini hakuwa amemaliza. Alirudi kuinama, akageuza omena hatua mbili tatu, akazungumza bila kunitazama.

"Ukitaka kuniomba msamaha, kuna jambo jingine."

"Lipi?"

"Uliporudi kutoka chuo, likizo ya kwanza. Ulianza kunieleza mambo polepole. Kama mtu anayezungumza na mtoto, au na mgeni. Mambo ya benki, ya dawa za mama, ya simu. 'Sasa dada, sikiliza.' Hata leo hujaacha. Hiyo nyota yako umenieleza sasa hivi polepole, na nilikuwa nimekaa hapo siku ile ulipomweleza mama. Nilielewa mara ya kwanza. Mama ndiye aliyekuambia urudie."

Upepo ulikuwa unatoka ziwani ukitupiga mavazi. Nilijaribu kukumbuka mara moja tu, katika miaka ishirini na kitu, niliyozungumza naye kwa kasi ninayozungumza na walimu wenzangu, nikashindwa kuikumbuka.

"Nisamehe," nikasema.

"Nimekusamehe. Sasa niambie haraka. Kwa nini moto zaidi ni buluu? Kwa watu wote moto mkali ni mwekundu."

"Hapana, angalia jiko la gesi..."

"Najua jiko la gesi. Likiwaka vizuri ni buluu, likiwa na shida ni manjano na linatia sufuria masizi. Lakini hiyo ni gesi. Kuni zangu zikiwaka buluu nitakimbia. Nyota inachoma gesi au inachoma nini?"

Lilikuwa swali zuri kuliko maswali mengi ninayoulizwa kidato cha nne, na mfano wangu wa jiko haukutosha. Nikamwambia ukweli, kwamba nyota haichomi kama jiko linavyochoma, kwamba rangi yake ni ya joto lenyewe, kama chuma cha mhunzi kinavyoanza chekundu, kikawa cha manjano, kikawa cheupe. Na kama mhunzi angeweza kukipasha zaidi ya hapo bila kukiyeyusha, kingekuwa buluu. Nilizungumza kwa kasi. Nilipotumia neno gumu sikusimama. Alinisimamisha yeye mara mbili, mara ya pili kwa sababu nilikuwa nimekosea.

*

Mama alikubali kupasuliwa mwezi wa Januari. Sijui kwa hakika nani alimshawishi. Dada anasema ni mimi, kwa sababu nilimletea mchoro wangu uliochapishwa, nukta za buluu na nyekundu, na mama akauweka karibu na pua yake na kusema nukta zote ni za kahawia. Mimi nadhani ni dada, aliyemwambia bila kupindisha: "Mama, unaogopa. Sema unaogopa, tuendelee."

Mama akasema, "Naogopa." Baada ya kulisema, ikawa rahisi.

Alitoa sharti moja tu, aelezwe kila hatua na asidanganywe. Daktari, mwanamke kijana, aliketi naye na kumweleza: atatiwa ganzi, atakuwa macho, lenzi iliyochakaa itatolewa kupitia tundu dogo, na ndogo ya plastiki itawekwa mahali pake. Mama alimwambia arudie. Akarudia.

"Na ile ya zamani mnaipeleka wapi?"

"Inavunjwavunjwa na kunyonywa, mama. Haibaki."

"Sawa," akasema. "Nilitaka kujua tu."

Tulilala naye hospitalini, dada na mimi, tukipokezana kiti. Asubuhi muuguzi alikuja kufungua bandeji. Mama alikuwa amekaa wima kitandani, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Bandeji ikatoka. Akapepesa. Maji yakamtoka. Muuguzi akamwuliza anaona nini, akionyesha vidole, lakini mama hakumjibu. Alikuwa anamtazama dada, aliyekuwa amesimama karibu kabisa.

Kisha akainua mkono, akamgusa shavuni.

"Mwanangu," akasema, "umezeeka lini?"

Dada aliangua kicheko mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. "Ukiwa umefumba macho, mama," akasema, akaketi ukingoni mwa kitanda. Mama hakuacha kumshika. Alipitisha kidole kwenye mikunjo iliyo kando ya macho yake, mikunjo ya mtu aliyefanya kazi juani maisha yake yote, kama anayesoma maandishi madogo. Halafu akanitazama mimi.

"Na wewe pia. Kidogo."

Siku nzima iliyofuata nyumbani ilikuwa ya kufumba jicho moja na kufumbua lingine. Aligundua kwamba jicho lililopasuliwa liliona shati la jirani kuwa jeupe lenye ubuluu, na lile lisilopasuliwa likaliona la manjano, kama lililofuliwa kwa maji ya mtoni. Alizunguka boma akipima vitu: ndoo, mlango, mbuzi, Biblia yake, kanga. Akaenda mpaka mahali ziwa linapoonekana, akasimama pale na mkono juu ya jicho moja, kisha juu ya lingine.

"Mlikuwa mnaliona hivi kila siku?" akatuuliza. "Na hamkusema kitu?"

Wiki tatu baadaye, Februari, nilikwenda nyumbani na darubini ya mikono niliyoazima shuleni. Baada ya chakula cha jioni tulitoa viti vitatu nje. Kulikuwa bado mapema, redio ya jirani ikisoma taarifa ya habari, na anga lilikuwa safi. Nilimwonyesha mama kishada cha nyota cha Kilimia kwanza, juu upande wa ziwa. Hakuhitaji kuonyeshwa; alikijua tangu utotoni.

"Ni buluu," akasema.

"Ni kundi changa, mama. Buluu zake ni za kweli, za ujana. Bado hazijapata muda wa kuzeeka."

Kisha tukageuza viti kuelekea mashariki, nikamtafutia kundi langu. Kwa darubini ile lilionekana kama ukungu tu, kama pumzi ya mtu kwenye kioo. Nilimwambia ukweli huo mapema ili asitarajie makubwa. Wachelewaji wamo humo ndani, nikasema, lakini kwa darubini hii hatuwezi kuwatenga wala kuona rangi yao. Mimi mwenyewe sijawahi kuwaona kwa macho yangu. Nimeona namba zao.

Mama alishika darubini muda mrefu, viwiko vikitetemeka, mpaka dada akasimama nyuma ya kiti chake na kumshikilia mikono.

"Naona ukungu," akasema.

"Ndio huo."

"Basi nimewaona."

*

Jibu la swali la mama, kwamba aliyetoa yuko wapi, lilichelewa mpaka Juni. Nilikuwa nimeshapima nyota zangu zote tano kwa mwanga mwekundu, wa manjano na wa buluu, na kwa kila moja nilichora mstari unaoonyesha mwanga wake unavyopanda na kushuka. Kazi iliyobaki ilikuwa kuongeza vipimo vya urujuanimno mwishoni mwa kila mstari. Mchelewaji aliye peke yake mstari wake ungeshuka pale mwishoni, kwa sababu yeye ni wa moto lakini si wa moto kiasi hicho. Nne za kwanza zilishuka, nne zote, kama kitabu kilivyosema. Ya tano ikapanda.

Ilikuwa alasiri ya kawaida. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa akisahihisha insha mezani pake. Nilidhani nimekosea, nikarudia hesabu. Ikapanda tena. Nikazima kompyuta, nikatoka nje, nikazunguka uwanja mara moja, nikarudi, nikawasha, nikarudia kwa mara ya tatu.

Msimamizi wangu hakufurahi haraka. Alinipa orodha ya mambo yanayoweza kudanganya: nyota nyingine iliyo nyuma na kuangukia mstari mmoja wa macho, kasoro ya kifaa, namba iliyoandikwa vibaya. Nilitumia wiki sita kuyaondoa moja moja. Mwishowe alikaa mbele ya mchoro, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutazama dirisha.

"Yuko," akasema. "Mdogo, na moto kweli kweli. Hawa wawili wamemaliza kupeana si zamani sana, kwa hesabu za huko. Bado hajapoa."

Niliondoka ofisini kwake nikampigia dada simu, kwa kuwa mama huishika simu ikiwa imegeuzwa kichwa chini na kusikia upepo tu. Nilimweleza dada kwa pumzi moja, mstari ulivyopanda, wiki sita, kiini kile, joto lake. Kulikuwa na kelele za ufukweni nyuma yake. Akaniuliza ni moto kiasi gani ukilinganisha na yule mkubwa anayeng'aa. Nikamwambia, wa moto zaidi. Karibu mara mbili. Udogo ndio unamficha.

"Ngoja nimwambie mama," akasema, na nikasikia akitembea, nyayo kwenye mchanga, kisha kwenye majani, mlango, halafu sauti yake ikieleza yote kwa Dholuo, upesi, bila kuruka kitu. Alieleza vizuri kuliko mimi. Alitumia mfano wa kaa la moto lililobaki mafigani baada ya kuni kuondolewa, ambao sasa nautumia darasani.

Mama akachukua simu, kichwa chini kama kawaida.

"Na wale wengine wanne?" nikasikia sauti yake kwa mbali.

"Sijawapata wenzao, mama. Labda walishapoa. Labda waliungana wakawa mmoja, hakuna wa kutafutwa. Msimamizi anasema huenda tusijue."

"Haya," akasema. "Tasnifu unamaliza lini?"

Niliimaliza Novemba. Nilifaulu, na marekebisho ya kurasa sita. Mama alipasuliwa jicho la pili mwezi huo huo, na sasa analalamika kwamba nyumba yake imekuwa na vumbi miaka mingi na sisi tulimficha. Siku hizi nikienda nyumbani huwa nafika ufukweni kwanza. Juzi mvua ilitukuta huko tukiwa na nyavu tatu zimetandazwa, na dada alinipigia kelele nikunje upande wangu, haraka, haraka, na mimi nikamjibu kwa kelele vile vile kwamba nakunja, kwani haoni, na tukakimbia na omena mikononi mpaka kwenye kibanda, tumelowa, tukibishana bado nani alikuwa ameliona wingu kwanza.